Shujaa Mwenye Dosari na Sauti Inayomsimulia

Msomaji wa riwaya mara nyingi humstahi mtu ambaye, lau angekuwa jirani yake, angemripoti kwa mjumbe wa nyumba kumi. Okonkwo wa Chinua Achebe huwapiga wake zake na kumkata panga mtoto anayemwita baba. Jay Gatsby wa F. Scott Fitzgerald ametajirika kwa pombe ya magendo. Chaka wa Thomas Mofolo anamuua kwa mkono wake mwenyewe mwanamke anayempenda, ili aongezewe ufalme. Makosa haya hayakufichwa. Yameandikwa waziwazi na msomaji anayasoma yote. Hata hivyo, anapofunga kitabu, moyo wake huwa umeelemea upande wa mkosaji.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba sifa njema za shujaa zimezidi mabaya yake. Maelezo hayo hayatoshi. Hakuna msomaji anayeweka ushindi wa mieleka upande mmoja na damu ya mtoto upande wa pili, kisha akapima. Tena, wanaume kadhaa wa Umuofia, kwao Okonkwo, walikwenda msituni siku ile mtoto huyo, Ikemefuna, alipouawa, na aliyepiga pigo la kwanza si Okonkwo. Mtu huyo hakumbukwi na yeyote, si kwa chuki wala kwa huruma. Alishiriki tendo lile lile, saa ile ile. Tofauti ni kwamba msimulizi hakuwahi kuingia nyumbani kwake. Mapenzi ya msomaji hufuata mioyo iliyofunguliwa: moyo wa nani umefunguliwa, kwa muda gani, na katika zamu ipi. Anayegawa fursa hizo ni msimulizi, na kwa sababu hiyo swali la kumstahi shujaa mwenye dosari ni swali la usimulizi kabla halijawa swali la maadili.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alishaona kwamba shujaa wa tanzia hapaswi kuwa mtakatifu wala mwovu kabisa. Anapaswa kuwa mtu wa kati, mwenye hadhi, anayeanguka kwa kosa fulani. Mtakatifu akiangamia hadhira inachukizwa. Mwovu akiangamia inaona haki imetendeka. Anapoanguka huyu wa kati ndipo huruma na hofu huzaliwa. Maelezo hayo yamedumu kwa sababu ni ya kweli, lakini yanahusu zaidi aina ya mtu na mpangilio wa matukio. Jukwaani mtazamaji anaona tendo kwa macho yake. Katika hadithi inayosimuliwa, tendo halionekani kamwe isipokuwa kwa kupitia kwa mwingine.

Wahakiki wa karne ya 20 ndio waliolikabili jambo hilo ana kwa ana. Wayne Booth, Mmarekani, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu balagha ya hadithi, aliichambua riwaya ya Emma ya Jane Austen kwa swali moja: imekuwaje binti mwenye majivuno, anayeharibu mipango ya ndoa ya rafiki yake na kumdhalilisha mwanamke maskini hadharani, aendelee kutakiwa heri na msomaji? Jibu lake ni kwamba sehemu kubwa ya hadithi inaonekana kwa macho ya Emma mwenyewe. Yumo katika riwaya hiyo msichana mwingine, Jane Fairfax, ambaye kwa kipimo chochote ni bora kuliko Emma: ana kipaji zaidi, ana subira zaidi, na anateseka zaidi. Moyo wake umefungwa karibu mpaka mwisho. Kama Austen angeufungua, riwaya ingekuwa yake, na Emma angebaki tajiri mchokozi tu. Miaka 11 baadaye Mfaransa Gérard Genette alisisitiza kwamba anayesema na anayeona si lazima wawe mtu mmoja. Sauti inaweza kuwa ya msimulizi wa nje, huku macho yakiwa ya mhusika. Utengano huu ni wa msaada mkubwa, kwa sababu hila nyingi za usimulizi hufanyika katika ufa uliopo kati ya sauti na macho.

Things Fall Apart, iliyotoka London mwaka 1958, ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo kwa utulivu, kwa kuwa Achebe hakumrahisishia msomaji chochote. Tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute, iliyochapishwa 1973, iliitwa Shujaa Okonkwo, na hivyo ilimkabidhi msomaji hukumu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Riwaya yenyewe inafanya jambo linalokaribiana na hilo kwa njia ya taratibu zaidi. Habari ya kwanza kabisa kuhusu Okonkwo ni sifa yake katika vijiji tisa, na sababu ya sifa hiyo: akiwa kijana wa miaka 18 alimwangusha Amalinze, mwanamieleka ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka saba. Habari ya pili ni ya baba yake, Unoka, mpiga filimbi mvivu aliyekufa na madeni. Kipigo cha kwanza cha mke kinakuja baadaye sana. Msomaji anapokutana na ukali wa Okonkwo anakuwa tayari na ufunguo wa kuufasiri: mtu huyu anamkimbia baba yake.

Ufunguo huo hautolewi na Okonkwo. Unatolewa na msimulizi, ambaye mapema, katika sura ya pili, anatamka kwamba maisha yote ya mtu huyu yalitawaliwa na woga wa kushindwa na kuonekana dhaifu, na kwamba pengine moyoni mwake hakuwa mkatili. Hilo neno pengine lina uzito mkubwa. Msimulizi maizi, anayejua kila kitu, anaweza kusema kwa hakika kama mtu ni mkatili au la. Hapa anachagua kutojua. Anamwachia msomaji nafasi ya kumtetea Okonkwo, na mtu akishakuwa wakili wa mwingine ni vigumu kumwacha katikati ya kesi.

Kasi ya masimulizi nayo hufanya kazi yake. Wakati wa Wiki ya Amani, Okonkwo anampiga Ojiugo, mke wake mdogo, kwa kuwa alikwenda kusukwa nywele na hakurudi mapema kupika. Msimulizi anaeleza kipigo kwa sentensi chache, kisha anageukia haraka hasira ya kuhani na faini: mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Maneno mengi yanatumika juu ya kosa dhidi ya mungu wa ardhi, machache juu ya mwili wa Ojiugo. Anachowaza yeye siku ile hakielezwi popote. Vivyo hivyo risasi aliyomlenga Ekwefi kabla ya sikukuu ya viazi vikuu: bunduki inalia, mwanamke anaponea chupuchupu, na sherehe inaendelea. Tukio ambalo mahakamani lingekuwa jaribio la kuua linapita kama kishindo cha asubuhi moja. Na mke wa kwanza wa Okonkwo hana jina katika riwaya nzima. Ni mama yake Nwoye tu. Msomaji anayeuliza kwa nini ukatili wa Okonkwo dhidi ya wanawake haukumpunguzia sana heshima yake ataona kwamba umesimuliwa kwa mwendo wa haraka, na kwamba waliopigwa hawakupewa muda wa kulia mbele ya msomaji.

Kifo cha Ikemefuna kimesimuliwa kinyume kabisa, na hapo ndipo ukubwa wa Achebe unapoonekana. Kijana huyo aliyetolewa na watu wa Mbaino kama fidia kwa Umuofia amekaa miaka mitatu katika nyumba ya Okonkwo. Njiani kuelekea msituni msimulizi anaingia ndani ya kichwa chake. Msomaji anasikia anavyomfikiria mama yake na dada yake mdogo, anavyojiimbia moyoni wimbo wa utotoni ili kubashiri kama mama yake yu hai. Mwendo wa hadithi ni wa polepole kama hatua za miguu. Kisha, kwenye pigo lenyewe, macho yanahama: mtu anayekohoa nyuma anainua panga, na Okonkwo anageuza uso. Pigo linasikika kwa masikio yake. Chungu kinaanguka na kuvunjika, kijana anamkimbilia akimwita baba, na Okonkwo, aliyejawa na hofu ya kuonekana dhaifu, anamaliza kazi. Kwa hiyo katika muda mfupi sana msomaji amekuwa ndani ya anayeuawa, kisha ndani ya anayeua. Hapewi nafasi ya kusimama pembeni na kulaani kwa raha.

Zaidi ya hapo, sura haifungwi na Okonkwo. Inafungwa na Nwoye, mwanawe, anayetambua usiku ule kwamba ndugu yake wa kulelewa ameuawa, na kitu ndani yake kinalegea. Sura inayofuata ndiyo inayoanza na baba: hali chakula kwa siku mbili, anakunywa pombe, anajiuliza tangu lini amekuwa mwoga. Zamu zimepangwa hivi: aliyeuawa kwanza, mtoto aliyejeruhiwa wa pili, muuaji wa tatu. Kama mpango ungegeuzwa, uchungu wa Okonkwo ukatangulia, mauaji ya Ikemefuna yangekuwa jaribu lililompata shujaa, na kijana angekuwa chombo cha kumpa baba mlezi huzuni ya kifahari. Riwaya nyingi duni hufanya hivyo hivyo. Huko kumweka mhanga mbele ndiko kunakomruhusu msomaji aendelee kumstahi Okonkwo bila kulazimika kudanganywa.

Mbinu nyingine inahitaji msomaji makini, nayo ni kuchelewesha habari njema. Usiku kuhani Chielo anapombeba Ezinma, binti ya Ekwefi, kwenda pangoni kwa mungu Agbala, masimulizi yanamfuata mama, aliyezaa watoto kumi na kuwazika tisa. Okonkwo anatokea ghafla gizani na panga lake, mtulivu, na msomaji anamwona kama mlinzi asiyeyumba. Katika sura inayofuata tu, tena kwa kupita, inafichuliwa kwamba hakulala usiku ule: alikuwa amekwenda pangoni mara kadhaa, na safari ya nne ndiyo aliyomkuta mkewe huko. Alikuwa amengoja kila mara muda aliodhani unafaa mwanamume kungoja. Habari hii haikuwekwa mahali pa tukio. Imefichwa kama alivyoificha mwenyewe, na msomaji anaigundua kama siri aliyoaminiwa. Kumjua mtu kwa siri yake kunavuta mapenzi kuliko kumsikia akisifiwa.

Mwisho wa riwaya ndio unaokamilisha kazi hiyo. Okonkwo amemkata kichwa tarishi wa mahakama, watu wa Umuofia hawakusimama naye, na amejinyonga. Kwa mila, kujinyonga ni uchafu unaomnyima hata maziko ya mikono ya ndugu. Rafiki yake Obierika, ambaye ndiye aliyekataa kwenda msituni na kumkemea kwa kifo cha Ikemefuna, anamgeukia Mkuu wa Wilaya Mwingereza kwa hasira na kumwambia kwamba aliyelala pale alikuwa miongoni mwa watu wakubwa wa Umuofia. Sifa hiyo ina uzito kwa kuwa imetoka kinywani mwa mkosoaji wake, wala si kwa shabiki. Baada yake msimulizi anampisha Mkuu wa Wilaya, ambaye anatafakari kitabu anachokusudia kuandika na kuamua kwamba habari ya mtu huyu inaweza kutosha aya moja. Msomaji aliyetembea naye kwa sura 25 anasimama kidete. Pengine dakika ile hakumbuki Ojiugo wala bunduki. Anamtetea Okonkwo dhidi ya msimulizi mbaya zaidi. Kuleta msimulizi mshindani asiyestahili ni njia yenye nguvu kuliko zote za kumpandisha shujaa, na Achebe aliitumia kwa sababu ya haki kabisa: historia ya Afrika ilikuwa imeandikwa kwa aya za namna hiyo.

Msimulizi shahidi ni jambo jingine. Katika The Great Gatsby ya mwaka 1925, Nick Carraway ni jirani anayesimulia habari za mtu mwingine. Mwanzoni anajitambulisha kuwa mtu asiyependa kuhukumu wengine, kisha papo hapo anamtenga Gatsby na wote atakaowalaumu. Msomaji anaambiwa matokeo ya kesi kabla ya ushahidi, na anaambiwa na mtu anayeonekana mwadilifu. Gatsby mwenyewe anacheleweshwa. Jina lake linatangulia, uvumi unafuata: aliua mtu, alikuwa jasusi wa Wajerumani. Anapojitokeza hatimaye kama kijana mwenye tabasamu la upole, makosa yake halisi yanaonekana madogo mbele ya uvumi ule. Hapa kuna ujanja wa kipimo: kutangaza dhambi kubwa ya uongo ili dhambi ya kweli ionekane nafuu. Kinachofanya kazi zaidi ni ulinganisho. Pembeni mwa Gatsby wamesimamishwa Tom na Daisy Buchanan, matajiri wa kuzaliwa wanaoharibu na kuondoka, na karibu nao mtu yeyote mwenye ndoto anaonekana bora. Myrtle Wilson, mke wa mwenye gereji, aliyegongwa na gari la Gatsby huku Daisy akiwa kwenye usukani, hana kipindi ambacho macho ni yake kwa muda wa kutosha. Maiti yake inaelezwa. Mawazo yake hayaelezwi. Uamuzi wa Gatsby wa kumficha Daisy unasomwa kama uaminifu wa mpenzi, ingawa kwa upande wa marehemu ni kuficha ushahidi. Nick anapobaki karibu peke yake kwenye maziko ya rafiki yake, upweke huo unafunika kila kitu. Riwaya ni nzuri mno, lakini msomaji anayejiuliza nani alimzika Myrtle atagundua ni kiasi gani uzuri huo umetokana na mahali aliposimama shahidi.

Nafsi ya kwanza inaonekana kama njia rahisi kuliko zote ya kumpendelea mkosaji, kwa kuwa mshtakiwa ndiye anayetoa maelezo. Ukweli ni mgumu zaidi. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeliona kila jambo la kijijini kwa macho ya elimu na mashaka. Mtu aitwaye Manase alimharibu dada yake Kazimoto. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Msomaji anaingizwa katika njama kabla hajamjua Sabina vya kutosha, na hivyo anakuwa kama mshirika. Kisha kisasi kinageuka mapenzi na mapenzi kuwa ndoa. Tofauti na Okonkwo, hapa hapana sauti ya nje ya kusema pengine hakuwa mkatili. Kazimoto mwenyewe hajitetei kwa bidii. Anajichunguza, anajichoka, anaziona sababu zake zote kuwa hafifu. Uaminifu huo ndio unaomvuta msomaji. Anamfuata Kazimoto bila kumpenda hasa, na anamstahi kwa kutojipamba, mpaka anapojiua. Wasomaji wengi wa Kiswahili walioichukia falsafa ya riwaya hii hawakuweza kuikana sauti yake.

Kinyume cha Kazimoto ni Humbert wa Vladimir Nabokov katika Lolita ya 1955, msimulizi anayejipamba kwa kila neno. Ameandika akiwa kizuizini, anazungumza na wazee wa baraza, anachekesha, anataja washairi, anaomba huruma kwa lugha tamu kuliko aliyostahili kupewa. Mtoto aliyemharibia maisha karibu hasikiki isipokuwa katika nyufa: analia usiku, anajaribu kuficha pesa za nauli ya kutoroka. Nabokov aliweka nyufa hizo kwa makusudi, pamoja na dibaji ya mhariri wa kubuni inayotoa habari za mwisho wa msichana huyo kwa maneno ambayo msomaji wa mara ya kwanza hawezi kuyatambua. Booth aliita msimulizi wa aina hii msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye maelezo yake hayaafikiani na maadili ya kazi nzima. Hatari ya mbinu hiyo ni ya kweli. Wapo wasomaji waliovutiwa na ufasaha hadi wakaona mapenzi pale palipo utekaji. Kosa hilo si la msomaji peke yake. Ufasaha ndio chombo chenye nguvu kuliko vyote alivyo navyo mwandishi, na Nabokov alimkabidhi mkosaji chombo hicho chote.

Fasihi simulizi na tendi zina msimulizi wa namna ya pekee, kwa kuwa anayesema si mtu mmoja bali kumbukumbu ya watu. Habari za Fumo Liyongo zilizunguka katika pwani ya kaskazini ya Kenya kwa karne nyingi kabla Muhammad Kijumwa wa Lamu hajaziandika katika utendi mwaka 1913. Liyongo ni jitu la nguvu, mpiga upinde, mshairi, mtu aliyeonewa na mfalme wa Pate aliyemwogopa. Anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa katika mkate, na hatimaye anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Dosari zake zinaweza kutajwa: kiburi cha mwenye nguvu, na kumfunulia siri ya kifo chake yule aliyetumwa kuitafuta. Utendi hauzigeuzi kuwa swali. Walinzi waliokufa alipotoroka hawana mama wala wajane katika simulizi. Mama aliyepewa sauti ni wa Liyongo. Lawama yote inabebwa na mfalme kwa hila yake na mwana kwa tamaa yake. Kumbukumbu ya jamii hailengi kumwelewa shujaa, inalenga kumhifadhi, na kinachohifadhiwa huondolewa vumbi. Hata kifo chake kimesimuliwa kama ushindi: anapiga goti karibu na kisima akiwa ameshika upinde, na watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai.

Uwezo wa usimulizi kumjenga au kumbomoa mtu unaonekana vizuri zaidi pale mtu mmoja wa historia anaposimuliwa mara nyingi. Shaka, mfalme wa Wazulu, ni mfano bora barani Afrika. Mofolo, Msotho aliyesoma katika shule za wamisheni, alimwandika kwa Kisotho katika Chaka, iliyochapishwa Morija mwaka 1925 ingawa ilikuwa imeandikwa zaidi ya miaka 10 kabla. Anaanza na mtoto anayekataliwa na kupigwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, kijana anayemuua simba na kumwokoa msichana aliyenyakuliwa na fisi. Mpaka hapo hakuna msomaji asiye upande wake. Ndipo anapoingia Isanusi, mganga anayempa madaraka kwa masharti yanayozidi kuwa ya damu, hadi damu ya Noliwe, mpenzi wake. Kila hatua msimulizi anasita, anaomboleza, anaeleza kwamba hapo ndipo mtu alipokufa ndani ya Chaka. Msomaji anabaki amemkumbuka mtoto, na huzuni yake ni ya kuona mtoto huyo akipotea. Staha inageuka majonzi, lakini haiondoki.

Léopold Sédar Senghor alichukua kisa hicho hicho katika shairi la kuigizwa lililotoka 1956, akamwondoa msimulizi kabisa. Chaka anakufa na anajieleza mwenyewe, huku sauti ya mzungu ikimshtaki. Mauaji ya Noliwe yanageuka kafara kwa ajili ya watu weusi. Mashtaka yote yametiwa kinywani mwa mkoloni, na msomaji wa zama zile za kudai uhuru hakuwa tayari kukaa upande huo. Hii ni mbinu ile ile ya msimulizi mshindani, ila hapa inatumika bila Ikemefuna: hakuna aliyeingia kichwani mwa Noliwe kwa muda wa kutosha. Mazisi Kunene, katika utendi wake mkubwa wa 1979, alisimama ndani ya mapokeo ya Kizulu ya kuwasifu wafalme na kumwonyesha Shaka kama mjenzi wa taifa na mtu wa mipango. Mtu mmoja, wasimulizi watatu, na staha tatu zisizofanana. Ya Mofolo ndiyo inayogharimu zaidi na kwa hiyo ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa inamtaka msomaji aendelee kumtazama Chaka huku akiona damu.

Swali hubadilika sura shujaa anapokuwa mwanamke. Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kuzuiwa shuleni Tanzania, inaanza nyumbani Ukerewe: baba mlevi, barua ya kijana Charles, kipigo. Kwa mpangilio huo, anguko la Rosa baadaye, wanaume wake wengi na mimba aliyoitoa, lina chanzo kabla halijatokea. Hadi hapo mbinu inafanana na ile ya Unoka na Okonkwo. Lakini msomaji na jamii hawakulipokea kwa namna ile ile. Ukali wa Okonkwo ulisomwa kama ziada ya nguvu. Uhuru wa mwili wa Rosa ulisomwa kama upungufu wa maadili. Msimulizi wa Kezilahabi ni kama alilitambua hilo, kwa sababu hakuishia kwenye kifo cha Rosa. Aliongeza hukumu mbele ya Mungu, ambako Rosa na baba yake wanasimama pamoja na kila mmoja anaulizwa. Kisanaa sehemu hiyo imezusha ubishi, na wapo wanaoiona imebandikwa. Kiusimulizi ilikuwa ya lazima: bila baraza hilo, sauti za Charles na za majirani ndizo zingekuwa za mwisho.

Usimulizi, basi, una mpaka, na mpaka huo ni msomaji mwenyewe. Mwanafunzi anayeulizwa darasani kama Okonkwo ni shujaa analeta nyumba aliyokulia. Aliyemshuhudia mama yake akipigwa hasomi sentensi zile chache za Ojiugo kwa kasi aliyokusudia msimulizi. Anasimama pale, anaweka muda ambao kitabu hakikuweka. Wahakiki wa kike wa fasihi ya Afrika wameifanya kazi hiyo kwa kina, wakimpa mama yake Nwoye uzito ambao riwaya haikumpa. Usomaji wa pili nao unafanya hivyo. Mara ya kwanza msomaji anavutwa na taharuki kuelekea kwa shujaa. Mara ya pili, akishajua mwisho, macho yake yana nafasi ya kuwatazama waliokaa pembeni.

Achebe mwenyewe alirudi kwenye kisa hicho miaka miwili tu baada ya riwaya yake ya kwanza. Katika No Longer at Ease, ya 1960, Nwoye ni mzee wa kanisa aitwaye Isaac, na Obi, mwanawe, amekuja kumwomba ridhaa ya kumwoa msichana ambaye mila inamkataa. Mzee anamsimulia habari za kijana aliyekuwa kama kaka kwake, aliyeuawa na baba yake, na jinsi alivyoondoka nyumbani akiwa amelaaniwa. Anaeleza pia habari za kujinyonga zilivyomfikia. Aliwajibu waliozileta kwamba anayeishi kwa panga hufa kwa panga. Katika maelezo hayo hakuna Amalinze, hakuna Unoka, hakuna Mkuu wa Wilaya na aya yake. Ni Okonkwo yule yule, amesimuliwa na mtu aliyelala katika kibanda kimoja na Ikemefuna.